Gogo si mjinga, kisanduku chenu ndicho kijinga

Wasee, nimerudi kutoka Bomet jana jioni na bado nina hasira, kwa hivyo leo hakuna vichekesho.

Babu yangu alichuma majani chai karibu maisha yake yote. Alipokufa aliacha akiba kidogo kwenye taasisi moja ya fedha ambayo sitaitaja. Taasisi hiyo ina tovuti, na kwenye tovuti kuna kisanduku cha kutafutia: andika jina, bonyeza, uone kama kuna chako. Rahisi, si ndiyo? Gogo alienda saiba mjini mara tatu. Mara tatu akalipa nauli, akamlipa na kijana wa saiba, na mara tatu skrini ikamjibu kwa Kiingereza kwamba rekodi haipo. Siku ya tatu alirudi nyumbani, akakaa kimya, halafu akaniambia, "Labda babu yako alikuwa ananidanganya."

Nikashika simu. Nikaandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho: Lang'at. Hakuna. Nikatoa ritifaa, ile alama ndogo ya ng'. Langat. Babu huyo hapo.

Alama moja. Mjane wa zaidi ya miaka sabini alianza kumshuku marehemu mumewe kwa sababu ya alama ndogo kuliko sisimizi.

Najua kuna mtu atasema, "Si angejaribu tahajia nyingine?" Buda, skrini haikumwambia ajaribu. Ilimwambia haipo. "Sijaona" na "haipo" ni maneno mawili tofauti kabisa, na mashine iliyoshindwa kuona haina haki ya kusema haipo.

Halafu tujiulize, tahajia gani? Huku Kericho na Bomet jina moja lina nguo nyingi. Mvulana aliyezaliwa jioni ni Kiplang'at, dada yake ni Chelang'at. Mtoto wa Kiplang'at akishatoka jandoni anaweza kuitwa arap Lang'at. Ukienda upande wa Nandi na Keiyo unakutana na Kiplagat, n imepotea njiani. Cherono wa kwetu ni Jerono kwingine. Ng'etich, Ngetich. Ng'eno, Ngeno. Karani mmoja aliandika alivyosikia, karani aliyemfuata akaandika alivyojisikia, na sisi hatukuulizwa. Leo mwenye kuadhibiwa kwa makosa yao ni gogo.

Mimi nilisoma kompyuta chuo kikuu hadi mwaka wa pili, karo ikakataa, nikaacha. Kwa hivyo msiniite injinia. Lakini hata sisi tulioacha tulifundishwa hili: SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hutumia alama hiyohiyo kuonyesha neno linapoanzia na linapoishia. Programu iliyoandikwa ovyo ikikutana na Lang'at inadhani neno limeishia kwenye Lang, inachanganyikiwa. Wezi wa mtandaoni hupitia mwanya huohuo kuingiza amri zao. Dawa yake ipo na ni ya zamani: litenganishe swali na neno aliloandika mtu. Dawa ya mvivu ni kuipiga marufuku alama yenyewe, au kuifuta kwenye rekodi halafu usahau kuifuta kwenye kisanduku. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wamelilia jambo hilihili. Na simu nyingine huandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho letu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti.

Msiniambie teknolojia haijafika. Mwaka 1918 kule Marekani, Robert Russell alipewa hataza ya mfumo unaoitwa Soundex, unaolipa jina kodi kulingana na sauti yake. Lang'at na Langat zote zinapata L523. Miaka zaidi ya 100 iliyopita! Ila Soundex ilitengenezewa majina yanayotamkwa Kiingereza, na herufi ya kwanza haiguswi. Kwa hivyo Cherono ni C650 na Jerono ni J650, hawakutani. Kumaanisha sheria za majina yetu tutaziandika wenyewe. Na wa kuziandika hahitaji shahada kumi. Anahitaji kuwa amewahi kusimama kwenye kituo cha kununulia majani akasikia wakulima wakiitwa.

Juzi nilijaribu. Majina 200 ya kubuni, laptopu yangu ya kuombaomba, na Postgres ambayo ni ya bure. Mara ya kwanza nililegeza mno: ukitafuta Koech unaletewa nusu ya Kericho. Nikaongeza mwaka wa kuzaliwa na lokesheni, orodha ikapungua hadi watu watatu. Kazi ya mchana mmoja. Mimi, niliyeacha chuo.

Jibu lao nalijua: "Tukilegeza, matapeli watachungulia pesa za watu." Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Lakini kutafuta si kulipwa. Onyesha jina na tarakimu mbili za mwisho za kitambulisho, ficha kiasi cha pesa, halafu mwambie mtu alete cheti cha kifo na barua ya chifu ofisini. Ukali uweke mlangoni pa malipo. Kwa sasa tapeli anayejua kufuta alama anapita, na gogo mwenye haki anarudishwa.

Na mchezo huu una gharama. Sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya mwaka 2011 inasema pesa zikikaa muda bila mwenyewe kujitokeza, zinahamishiwa kwa mamlaka ya serikali. Unaweza bado kuzidai, lakini safari inaanza upya. Yaani unaitwa "asiyejitokeza" ilhali umejitokeza mara tatu, na risiti za saiba unazo.

Gogo huyuhuyu anatuma M-Pesa kwa simu ya mulika mwizi bila kusaidiwa. Kabla pesa hazijaondoka anaonyeshwa jina la anayepokea, ili akikosea namba asimame. Hiyo ni heshima. Mtu alikaa akafikiria kosa atakalofanya mwenye simu, akaweka ukingo mapema.

Basi wenye visanduku, nawaomba mambo manne tu. Puuzeni ritifaa, herufi kubwa na mpangilio wa majina. Mkikosa, leteni yanayofanana na muulize, "Je, ni huyu?" Semeni kwa Kiswahili, na Kipsigis mkiweza. Na kabla ya kuzindua, mwiteni mama mmoja wa Bomet akae mbele ya skrini, nyinyi mnyamaze mkimtazama. Akikwama, aliyefeli mtihani ni nyinyi.

Gogo sasa anangoja barua ya chifu. Nilipomwonyesha jina la babu kwenye simu aliligusa kwa kidole, akasema, "Kumbe alikuwepo."

Wewe jina lako limeandikwa kwa njia ngapi? Niambie hapo chini. Nitaziongeza kwenye orodha yangu.