Maktaba kwenye flashi, kutoka Lilongwe hadi Dzaleka

Nina jambo kwa wanaojifunza Python hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ambako bando huisha kabla ya somo. Nikifika Lilongwe penye mtandao mzuri, naandika amri ya pip download na jina la maktaba, nahifadhi mafaili kwenye flashi, kisha kambini nayasakinisha kwa pip install pamoja na --no-index na --find-links, bila intaneti. Hakikisheni toleo la Python na mfumo wa kompyuta vinafanana, la sivyo mengine yatakataa. Pia msiite faili lenu random.py: mkiandika import random, Python italeta hilo lenu badala ya maktaba yake. Ingizeni kila darasa (class) kwa jina lake, achaneni na nyota (import *) inayobeba vyote. Atakayesoma kazi yenu kesho ajue kila kitu kimetoka wapi.