Cheo cha Mzee
Kutoka Kisangani hadi Bengamisa, kwenye barabara ya Buta, neno "mzee", au "muzee" kama tunavyolitamka huku Kongo, halihesabu miaka. Mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, humwita hivyo abiria mwenye viatu vinavyong'aa, hata kama ni kijana wa miaka 30. Laurent-Désiré Kabila alipotwaa madaraka Mei 1997 alikuwa na miaka 57 tu, na tayari alikuwa Mzee kwa wengi. Tanzania, kwa upande wake, imeweka mpaka wa umri: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataja miaka 60 na kuendelea. Mpaka huo unafaa kwenye daftari za serikali, kijijini hautoshi. Kikongwe, ajuza na shaibu ni majina ya mwili uliochoka, lakini mzee ni cheo, na cheo kina kazi: kusuluhisha ugomvi, kukumbuka mipaka ya mashamba, kumkanya mkubwa anayepotoka. Kinachonikera ni kwamba tunamgawia bure mwenye pesa cheo hicho, kisha bibi mwenye mvi asiye na mtoto wa kumtetea tunamwita mchawi. Tuanze kumheshimu yeye. Mwenye gari anaweza kungoja zamu yake.