Neno Moja, Kazi Nne



Hapa Ntinda ndipo zilipo ofisi za UNEB, na Kiingereza ni mmojawapo wa mitihani minne ya darasa la saba. Watoto wengi hukaririshwa orodha: neno hili jina, lile kitenzi. Sisi tunaona orodha hizo huwapoteza.

Tuchukue neno "fast". Katika "We fast in Ramadan" ni kitenzi, yaani tunafunga. Katika "a long fast" ni jina, yaani saumu. Katika "a fast car" ni kivumishi, na katika "run fast" ni kielezi. Herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni nafasi yake katika sentensi.

Kiswahili hutuonyesha kwa viambishi: tunafunga, mfungo. Kiingereza mara nyingi hakina alama hiyo, basi mtoto afundishwe kuyatazama maneno ya jirani kabla ya kujibu.

Leo jioni mpeni neno "light", atunge sentensi tatu: jina, kitenzi na kivumishi. Atakayeweza hilo hatababaishwa na mtihani, inshaallah.