Wanafunzi wa Udaktari na Bibi wa Malambo

Wasomaji wetu wengi ni makarani, na huenda wakauliza: neno hili la wanafunzi wa udaktari latuhusu nini? Latuhusu sana. Mgonjwa aingiapo hospitali hakutani kwanza na daktari. Hukutana na karani wa dirishani. Na kijana aliyesimama ukumbini na koti lake jeupe husikia jinsi karani yule asemavyo na watu, naye hujifunza.

Siku moja tuliketi katika chumba cha macho cha hospitali moja, tukimngoja jamaa yetu. Akaletwa bibi wa Kimasai kutoka Malambo, katika wilaya ya Ngorongoro, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Kope zake zilikuwa zimepinda kwa ndani, zikimkwaruza jicho kila apepesapo. Huo ndio mwisho wa vikope, ugonjwa uchukuliwao na mikono, nguo na nzi kutoka jicho hata jicho. Mtu akiupata mara nyingi tangu utotoni, ukope hujikunja, na asipotibiwa hupofuka. Wanafunzi wakamzunguka. Mmoja akaufunua ukope, akawaonyesha wenzake, wakaandika. Hapana aliyemwamkia. Kisha yule kijana akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti kuu kana kwamba asema na kiziwi, ya kuwa watoto wa boma lake waoshwe nyuso asubuhi na jioni, kwani uchafu ndio uliomponza.

Bibi akajibu maneno machache ya Kimaa. Wanafunzi wakatazamana. Aliyewafasiria ni mfagiaji, aliyekuwa mlangoni na ufagio wake: "Koko auliza, kwa maji yapi? Ya kunywa, au ya ndama?"

Malambo ni nchi kavu. Maji huletwa kwa punda, na kazi hiyo ni ya wanawake, wakati wa kiangazi tangu alfajiri. Shauri la yule kijana lilikuwa kweli. Kuosha uso ni moja katika mambo manne yanayoagizwa duniani kote juu ya vikope, pamoja na kupasua kope, dawa, na usafi wa mahali watu wakaapo. Walakini hakuwa amemwuliza yule mama hata neno moja la maisha yake, na kwa hiyo shauri lake jema lilimfikia kama matusi. Twakiri kwamba nasi tulicheka kidogo, kisha tukaona haya.

Wako wasemao kwamba vijana wa siku hizi huingia chuoni na mioyo migumu. Hatukubali. Mwaka 2009 bwana Mohammadreza Hojat na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha habari za wanafunzi 456 wa udaktari waliopimwa mwaka baada ya mwaka, ili kujua kama waweza kuyatambua mambo kwa upande wa mgonjwa. Miaka miwili ya kwanza hali yao haikubadilika. Mwaka wa tatu ikashuka, na huo ndio mwaka waanzapo kazi ya wodini. Yaani huruma haikupotea vitabuni. Ilipotea vitandani, mbele ya wagonjwa wenyewe! Marekani si kwetu, lakini aliyepata kulala hospitali hapa kwetu hatastaajabu. Mwanafunzi hakesha usiku mmoja tu, hukesha nyingi. Wagonjwa ni wengi kuliko vitanda. Mkubwa wake humfedhehesha mbele ya watu kwa kosa dogo, naye aliyefokewa asubuhi humfokea mgonjwa adhuhuri. Hutazama wakubwa wake wakimwita mtu "kitanda namba 7", naye hufuata. Hotuba ya upole darasani haiwezi kushindana na mafunzo ya namna hiyo.

Tukumbuke pia mwaka 2011. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Magari yalipanga mstari wa maili nyingi, na wako waliofia njiani. Dawa ile haikuthibitika kuponya, na walioacha vidonge vyao kwa ajili yake walijidhuru, hatuisifu. Lakini yule mzee, ambaye alifariki mwaka 2021, alimpa kila mtu kikombe kwa mkono wake, waziri na mchungaji wa mbuzi kwa bei moja. Daktari kijana ajiulize kwa nini mtu aliyechoka na hospitali alivumilia kulala barabarani ili apokelewe hivyo.

Na sisi makarani? Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha kule Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika, wapate mahali pa kukutana na kuinuana, nao wahesabiwe kuwa watu wenye heshima. Wajukuu wao leo humwambia mwanamke mzee "wewe, sogea huko!" mbele ya wanafunzi wanaotazama.

Basi twashauri mambo mawili. Kila dirisha la hospitali katika wilaya zetu liandike, pamoja na jina la mgonjwa, lugha aisemayo, na jina la mtumishi awezaye kumfasiria, awe mganga au mfagiaji. La pili, vyuo viombwe kuwapeleka wanafunzi wakae Malambo na mahali kama hapo kabla hawajaanza wodi, si kwa kupima watu, bali kwa kwenda na punda majini na kujifunza kuamkia. Maana hata neno "takwenya", ambalo yule bibi alistahili kuambiwa, hakuna aliyelijua chumbani ila mwenye ufagio.

Wanachama walioko Malambo na Wasso wenye chumba cha kumpokea mwanafunzi na watuandikie mapema, kabla ya masika, kwani njia ikiharibika barua zitachelewa.