Vibao vya Kando ya Njia

Wanachama wenzetu, habari za barabara za Marekani huenda zikaonekana kuwa mbali na meza zetu. Lakini sisi tushikao majalada na kuhesabu mafungu ya fedha twaona yatupasa kuzifikiri.

Katika mwaka 1944, vita vikuu vya pili vilipokuwa vingali vikipiganwa, chama cha wapenda bustani cha jimbo la New Jersey kilianza kupanda miti 8,000 kando ya barabara kuu moja, mwendo wa maili tano na nusu, iwe ukumbusho wa askari. Miti hiyo, iitwayo dogwood, huchanua maua meupe baada ya baridi kwisha. Njia ikapewa jina la Nyota ya Buluu, kwa kuwa jamaa zenye kijana vitani zilitundika dirishani bendera yenye nyota ya rangi hiyo. Mabango ya biashara yakakatazwa hapo. Mwaka 1945 baraza la vyama vya bustani vya nchi nzima likaipokea kazi ile, na leo vibao vya madini vyenye nyota hiyo vimesimama kando ya njia katika majimbo mengi.

Hatuvitukani vibao. Lakini waanzilishi walichagua miti badala ya jiwe, nao walikuwa na akili. Kibao hulipwa mara moja: bwana mkubwa huja, kitambaa huvutwa, makofi hupigwa, hati ya malipo hutiwa sahihi, jalada likafungwa. Mti hauna mwisho wa hesabu. Wataka maji, palizi na kupogolewa, na kila mwaka karani aombe fungu upya na kuulizwa kwa nini. Ndiyo maana kibao hupata marafiki upesi zaidi. (Tena hakiangushi majani mferejini.)

Tarehe 22 Oktoba 1965 Rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi sheria ya kupendezesha barabara kuu, ambayo mkewe, Bibi Lady Bird Johnson, aliipigania sana. Jimbo lisilozuia mabango liliweza kukatwa sehemu ya kumi ya fedha za barabara zitokazo serikali kuu. Hayo yalikuwa meno. Walakini sheria iliagiza pia wenye mabango walipwe fidia, na fedha za fidia hazikutosha. Mabango mengi yakabaki yaliposimama.

Kwa hiyo twasema: chama au halmashauri yo yote itakayo kusimamisha kibao cha kusifu upambaji wa barabara, kwanza ionyeshe katika makadirio yake fungu la kutunza miti hata mwaka wa kumi. Kisha yatazamwe majina. Mwenyekiti huandikwa, na mhandisi huandikwa. Wakata nyasi, ambao magari huwapita ubavuni mchana kutwa, hawaandikwi. Nafasi ikiwa ni haba, na liondolewe jina la mgeni wa heshima.