Butembo na Beni: mji wa sayansi usijengwe mbali na watu

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Beni ndiyo makao ya muda ya jimbo la Kivu Kaskazini. Ofisi zimehamia huko, wakimbizi vilevile, na mahitaji ya viwanja yamekuja nao. Kati ya Beni na Butembo, umbali wa kilomita zipatazo 54, nafasi ya kupanga kitu kikubwa inapungua kila mwaka. Kama pande hizi zinataka siku moja kuwa na mji wa utafiti na utamaduni, eneo lake litengwe sasa, kabla halijakatwa vipande na kuuzwa.

Wazo hilo si geni Kongo. Yangambi, kwenye ukingo wa mto Kongo, kilomita kama 100 kutoka Kisangani, ilikuwa makao ya taasisi ya kilimo ya INEAC iliyoundwa mwaka 1933. Ilikuwa na maabara, nyumba za watafiti na hospitali, na aina za kahawa ya robusta zilizochaguliwa pale zilienea mbali. Huko Kivu Kusini, taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947 ilijenga Lwiro, na maktaba yake, mikusanyo yake ya wanyama na vipimo vyake vya matetemeko ya ardhi. Yote mawili yalijengwa na mkoloni, kwa pesa na wataalamu wa mkoloni, na mkulima wa jirani aliingia zaidi kama kibarua. Pesa zilipokatika baada ya uhuru, majengo yalibaki na kazi ikadhoofika. Mji wa sayansi usio na wenyewe hauna wa kuulinda.

Butembo inajua njia nyingine. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 na Askofu Emmanuel Kataliko, na wakulima na wafanyabiashara walichanga ili kisimame. Hakikungoja Kinshasa. Kimeendelea kufundisha udaktari, kilimo na sheria katikati ya vita, kwa sababu wakaaji wanakihesabu kuwa mali yao.

Wala sayansi yenyewe si ngeni hapa. Kati ya mwezi wa nane 2018 na mwezi wa sita 2020, Ebola iliua watu 2 287. Katika miezi hiyo hiyo, wagonjwa 681 waliotibiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walishiriki katika jaribio lililoonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa maisha kuliko nyingine. Moja ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Leo dawa hizo zinatumika kutibu Ebola. Kipindupindu, surua na Ebola yenyewe vitarudi. Haifai kila mara maabara ije kwa ndege na iondoke kwa ndege.

Ebola ilifundisha jambo la pili pia. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo mjini Butembo. Uvumi na hasira vilikuwa vimeshawafanya watu wengi waone tiba kama biashara ya wageni. Maabara isiyoaminiwa na majirani haiko salama, hata ikizungushiwa ukuta.

Ndiyo maana utamaduni lazima uende pamoja na utafiti. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali mto Semuliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Una umri wa miaka kama 20 000, na wataalamu wengi wanauona kama ushahidi wa kale wa kuhesabu. Uko Bruxelles. Mwanafunzi wa Beni anayetaka kuuona anahitaji viza. Jumba la makumbusho hapa lingeipa serikali mahali pa kudai mfupa huo urudishwe, au hata pa kuweka mfano wake.

Wengine watasema: watu wanachinjwa na ADF mashambani, nani ana akili ya makumbusho? Swali hilo ni la haki, na usalama unatangulia. Lakini hatua ya kwanza haihitaji saruji. Viongozi wa jimbo na mameya wa miji miwili wapime eneo na kuliandikisha, wakiwalipa wenye mashamba badala ya kuwafukuza. Vyuo vikuu vya Butembo na Beni vikubali maabara moja ya pamoja, ya magonjwa na ya mazao, maana wakulima wa kakao na kahawa wanahitaji majibu kama wagonjwa. Wafanyabiashara waingie katika baraza lake, na wawakilishi wa shirika la raia nao, ili hesabu zisomwe hadharani.

Kataliko alianza na mchango wa mkulima. Kiwanja kisipotengwa mwaka huu, watakaokuja watapata nia njema, lakini hawatapata mahali pa kujenga.