Sifuri ya Mama wa Bariadi

Swali la 14 lilisema hivi: "Taja watu watano wanaoishi kijijini hapa ambao unaweza kuwaomba msaada." Nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu mimi ndiye niliyelitafsiri, usiku mmoja, kwenye gesti mjini Bariadi, nikilipwa kwa ukurasa.

Mwenye dodoso alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa sosholojia, Mtanzania mwenzetu, dada mchapakazi na mwenye adabu. Chuo chake sitakitaja. Alikuwa akitafiti mitandao ya kijamii na utangamano vijijini Simiyu. Balaa lilianzia kwenye jina lenyewe. Mtandao wa kijamii, kwa Mtanzania wa leo, ni Facebook na WhatsApp. Mzee mmoja tulipomuuliza habari za mtandao wake alitujibu kwa upole kwamba huku unasumbua, mpaka upande kichuguu. Tukacheka, tukaenda kaya inayofuata.

Huko tulimkuta mama mmoja akichambua pamba. Akatuitikia mwadila, akatupa vigoda. Kwenye swali la 14 alinyamaza kidogo, kisha akasema: hakuna. Tukaandika sifuri.

Sasa sikilizeni. Asubuhi ile ile kaka yake, aliyehamia bonde la Kilombero na ng'ombe wake, alikuwa amemtumia pesa kwa simu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, tukiwa tumeshafunga dodoso. Kaka hahesabiki, maana haishi "kijijini hapa". Wanawake waliompalilia shamba msimu ule nao hakuwataja, kwa sababu kwake ule si msaada, ni leo kwako kesho kwangu. Na hilo "kuomba" je? Mtu mzima, mwenye mji wake, namuuliza mbele ya wageni eti huwa anamwomba nani! Angejibu nini zaidi ya "hakuna"? Kwenye tasnifu mama huyo ni mhojiwa wa pembezoni, mwenye utangamano hafifu.

Sisi wapenda fasihi tunajua kugombana juu ya neno moja. Nyerere alipoiita tafsiri yake ya Shakespeare Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alitupa mjadala ambao haujaisha hadi leo: kwa nini mabepari, kwa nini si wafanyabiashara? Lakini dodoso litakaloamua kama kijiji kizima kina uhusiano au hakina linatafsiriwa kwa usiku mmoja, na hakuna mhakiki anayeligusa. Kwani lile si maandishi?

Nitaambiwa sayansi inahitaji mipaka, huwezi kuhesabu dunia nzima. Sawa. Ila mipaka ya nani? Mkoa wa Simiyu wenyewe umezaliwa 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Shinyanga, na Busega ilikuwa kipande cha Magu, Mwanza. Siku ramani ilipochorwa upya hakuna ukoo uliokatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walianzia upande wa Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, wakaenea Usukuma na Unyamwezi kabla serikali haijajua iwafanyeje. Walipita njia gani kama watu hawa hawana mtandao?

Tena wazo lenyewe si geni kwetu. J. Clyde Mitchell na wenzake walilikuza kwa kuwachunguza watu wa miji ya Afrika ya Kati, wengi wao wahamiaji, wakachapa kitabu mwaka 1969. Tasnifu niliyoitafsiria ilimtaja Granovetter wa 1973 karibu kila sura. Mitchell sikumwona.

Mnaweza kusema nakuza jambo dogo. Nendeni mkamsikilize yule kaka wa Kilombero. Wafugaji walitolewa Ihefu kuanzia 2006, Kilombero wakatolewa 2012, na Wasukuma walikuwa wengi humo. Sisemi tasnifu ndiyo iliyowafukuza, wala sisemi mabwawa na mito haikuhitaji kulindwa. Nasema mtu akishaandikwa kule kwamba "hajachangamana", na dada yake akaandikwa huku kwamba hana mtu, inakuwa rahisi sana kumwita mvamizi. Uzi unaowaunganisha umekatwa na maneno matatu ya dodoso, na mkono ulioyaandika ni wangu.

Nilimpigia yule dada nikamwambia swali la 14 limeharibika, tulirudie hata kwa kaya kumi. Akasikitika, na naamini alisikitika kweli. Lakini muda wa uwandani ulikuwa umekwisha, na fedha pia. Tasnifu imepita. Imeandikwa kwa Kiingereza, na kijijini haijafika nakala hata moja.

Mwaka jana nilipita tena kwa yule mama. Alinikumbuka. Akaniuliza kama sisi watu wa mtandao tumeshapata kibali cha kujenga mnara.